Udi si Moshi

Daktari wa watoto alimuuliza mama wa mtoto, lakini aliyejibu ni bibi. Anayemjua Bi Pua angeshtuka papo hapo, maana Bi Pua hakuwa mtu wa kudandia maneno ya wenzake. Kawaida yake ilikuwa kungoja kila mtu amalize upuuzi wake, kisha yeye atie neno moja la kufunga mjadala. Siku hiyo hakungoja.

"Nyumbani kuna moshi wowote?" daktari aliuliza, macho yake yakiwa kwenye kifua cha kichanga. "Sigara, mkaa, dawa za mbu, ubani, udi?"

"Hakuna," Bi Pua akasema. "Tunapikia gesi. Hakuna anayevuta sigara. Udi kidogo tu, wageni wakija, kama nyumba za watu wote."

Mkwe wake, mama wa mtoto, aliinamisha kichwa akaanza kufunga vifungo vya kijishati cha mwanawe, akakosea, akafungua, akaanza upya. Daktari aliweka tena kile chombo chake cha kusikilizia kwenye mgongo wa mtoto, mgongo mdogo usiojaa kiganja, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko walivyopenda. Alisema mtoto huyu alizaliwa mdogo na njia zake za hewa ni nyembamba, hivyo aepushwe na moshi wa aina yoyote. Wakiona nyama ya kati ya mbavu inaingia ndani anapovuta pumzi, wasingoje, waje mbio.

"Na baba yake anafanya kazi gani?"

"Fundi wa kuchomelea vyuma," mkwe akajibu.

"Basi aoge na abadili nguo kabla ya kumshika. Moshi wa kazi yake si wa kuchezea."

Bi Pua alitikisa kichwa kukubali, tena akakitikisa sana, kama mtu aliyetupiwa kamba akiwa kisimani. Alijiona akikitikisa. Aliona aibu saa ile ile, lakini kichwa hakikuacha.

Hiyo "kidogo tu" ndiyo inayotuleta hapa, kwa hiyo tuifungue tuone ndani ina nini.

Bi Pua alikuwa mpika udi. Sisemi muuzaji, wa kununua kopo huku na kulipeleka kule, mpika mwenyewe. Chumba kidogo kilichopakana na jiko kilikuwa himaya yake. Ndani mlikuwa na sufuria kubwa iliyong'oka mkono mmoja, mwiko uliogeuka mweusi, magunia ya vipande vya mti, chupa za mafuta ya manukato, na masinia ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyagusa, hata kwa kuyaosha. Aliyeyusha sukari mpaka iwe shira, akaimwagia vipande, akatia mafuta ya waridi na miski, akakoroga mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akaumwaga mchanganyiko kwenye sinia upoe. Nguo zilizofukizwa udi wake zilinukia mpaka zifuliwe, na zikishafuliwa bado zilikuwa na la kusema.

Jina la Bi Pua alipewa na mwenye saluni ya mtaani, mteja wake mkubwa, aliyeapa kwamba yule mama angesimama mlangoni kwako na kukutajia ulichokula jana. Lilianza kama utani, utani ukawa jina, na jina likawa biashara. Watu hawakusema wanataka udi. Walisema wanataka udi wa Bi Pua. Naye alilivaa jina lile kama wenzake wanavyovaa dhahabu, huku akijifanya hajui kama linang'aa.

Kisha pua ikafa.

Yalikuja mafua makali yakamlaza kitandani. Mafua yakaondoka, kikohozi kikaondoka, hamu ya kula ikarudi nusu yake. Harufu haikurudi. Alijifukiza mvuke, akavuta maji ya chumvi, akanusa kitunguu, siki, mafuta ya taa. Ilikuwa kama kunusa ukuta. Siku moja maziwa yaliungua jikoni yeye akiwa pale pale anachambua mchele, na mwanawe ndiye aliyetoka chumbani mbio kuuliza nini kinaungua. Bi Pua alisema alikuwa mbali kimawazo. Hakumwambia mtu yeyote ukweli, kwa sababu mpika udi asiye na pua ni kichekesho, na kama angekuwa mtu mwingine, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kucheka.

Tatizo la udi ni sukari. Shira ikikaa motoni kidogo tu kupita kiasi, udi unatoka mzuri machoni, lakini ukiugusisha kaa la moto unanuka sufuria iliyosahaulika. Jicho halioni hilo. Ni lazima uuchome kwenye chetezo, ndani ya chumba kilichofungwa, ukae nao mpaka moshi utulie, ndipo udi wenyewe useme. Bi Pua alihitaji pua. Na pua ilikuwepo, ndani ya nyumba hiyo hiyo.

Mkwe wake alikuwa mshonaji. Aliingia nyumba ile na cherehani yake na maneno machache, na Bi Pua, aliyekuwa amemtakia mwanawe mke mwingine, alimpokea kwa salamu kamili na si zaidi. Waliishi kama watu wawili wanaongoja zamu kwenye benchi moja, kwa adabu, bila hadithi. Halafu mimba ikaingia, na yule binti akaanza kusikia harufu za ajabu. Alijua jirani kabadili sabuni. Alijua mkate umelala. Asubuhi moja alipita mlangoni pa kile chumba, akasita.

"Mama, samahani," alisema. "Hii sukari imeshika kidogo, au ni mimi tu?"

Bi Pua alichukua kipande, akawasha kaa, akamfuata binti chumbani kwake, maana madirisha ya chumba kile ndiyo pekee yaliyofunga sawasawa. Akakaa ukingoni mwa kitanda, chetezo miguuni.

"Haya, mwanangu," alisema. "Niambie."

Binti alikaa mbele ya cherehani yake, akafumba macho. "Waridi limetangulia," alisema. "Miski inakuja nyuma. Halafu mwisho kuna kitu kinakwaruza koo."

Fungu lile la udi halikuuzwa. La pili lilipimwa vivyo hivyo, na la tatu, na mimba yote ikaenda hivyo. Bi Pua alikuwa akigonga mlango na chetezo mkononi, dirisha linafungwa, moshi unapanda mpaka kwenye taa, na yule mwenye tumbo linalokua anaulizwa zaidi au pungufu. Mwenye saluni alisema safari hii Bi Pua amejishinda mwenyewe. Bi Pua alicheka akapokea sifa zote bila kubakiza hata moja ya kumpelekea mwenye pua.

Binti alikohoa. Kichwa kilimuuma. Siku moja alirudi kutoka kliniki, akasimama mlangoni pa kile chumba cha udi akizungusha kamba ya mkoba wake.

"Nesi anasema moshi si mzuri kwangu kwa sasa, mama."

"Moshi gani?" Bi Pua aliuliza, na hakuinua macho kutoka kwenye sinia. "Wanasema moshi wa kuni, moshi wa sigara. Udi si moshi, mwanangu. Udi ni harufu."

Binti alitabasamu. Jioni ile chetezo kilipoingia, yeye mwenyewe ndiye aliyeinuka kufunga dirisha.

Mtoto alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo, mwenye sauti ya kitu kinachokwaruza sahani. Wanawake waliokuja kumtazama walinong'ona kwamba mama yake hakula vizuri, kwamba ameinamia mno cherehani, kwamba wasichana wa siku hizi wanaogopa kunenepa. Bi Pua aliwasikia, akaendelea kukoroga chai. Kijiko kilizunguka sukari ikayeyuka, kikazunguka tena.

Basi hao ndio waliotoka kwa daktari na onyo moja kwa bibi asiyetaka kulisikia na lingine kwa baba aliyelisikia mno.

Baba wa mtoto alikuwa mtu mpole mwenye mikono iliyojaa alama za cheche. Tangu siku ile akirudi kutoka kazini hakupita ndani. Alivua nguo zake nyuma ya nyumba, akazitia kwenye mfuko wa plastiki akaufunga fundo, akaoga bombani kwa sabuni ya mche huku akijisugua viwiko mpaka vikawa vyekundu. Alihama chumbani, akawa analala kwenye kochi. Akawa anamwangalia mwanawe akiwa amesimama mlangoni, kama mgeni asiye na uhakika kama amekaribishwa, akimwimbia kutoka pale pale.

"Ingia basi umshike," mkewe alimwambia.

"Nimeoga, lakini nywele je?" alisema. "Hizi nywele zinabeba kila kitu." Kesho yake alirudi amenyoa upara.

Mama yake alimwona na kipara kile, akasukuma sahani kando. Mwanawe alikuwa na nywele nzuri. Ndicho kitu pekee alichokuwa anajivunia mwilini mwake. Jioni hiyo, wakiwa wawili sebuleni, alimwambia mama yake kwamba anafikiria kuiacha fani.

"Utafanya nini?" Bi Pua aliuliza.

"Chochote. Nitauza maji. Siwezi kumziba pumzi mwanangu halafu nikajiita baba." Alipitisha kiganja juu ya upara wake, bado hajauzoea. "Mama, wewe ungejua kama nanuka moshi. Una pua. Nikaribie, uninuse, uniambie ukweli."

Akainama mbele yake. Bi Pua alisogeza uso kwenye bega la mwanawe, akavuta pumzi, hakusikia chochote, si sabuni, si jasho, si chuma. Alitakiwa aseme jambo moja tu wakati ule, nalo lilikuwa limefika mpaka kwenye meno.

"Kidogo," alisema. "Bado kidogo."

Kijana akaitikia, akatoka kwenda kuoga tena. Bi Pua alibaki na mikono mapajani akisikia maji ya bomba yakianguka nje. Aliona aibu kiasi cha kutamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi haikumsaidia, naye hakujisaidia.

Alichofanya ni nusu ya jambo, na nusu ya jambo ndiyo iliyoleta msiba. Alikata kauli kwamba hatachoma udi tena chumbani kwa mkwe. Atachomea kwenye chumba chake cha udi, mlango umefungwa, chini kumezibwa kitambaa. Na kwa kuwa hawezi tena kumwita binti, atajifunza kupima kwa macho: moshi mweupe mwepesi ni udi mzuri, moshi mzito wa njano ni sukari iliyoungua. Alijiambia hivyo kwa uso mkavu, kama kwamba miaka yote aliyotembea na pua yake alikuwa anapoteza wakati.

Mwenye saluni alikuwa ameagiza udi mwingi. Mchana mmoja, mwanawe akiwa kazini, mkwe na mtoto wamelala, Bi Pua aliwasha kaa. Alichoma kipande, akainama kuangalia rangi. Hakuwa na hakika. Akachoma kingine, kikubwa kidogo. Hicho nacho kilikuwa cheupe, au cha njano kwa sababu ya pazia? Akafunga pazia, akachoma kingine. Macho yalimwasha, akayafuta, akaendelea.

Nyumba ile, kama nyumba nyingi zilizojengwa kwa awamu, haikuwa na dari kila mahali. Ukuta uliotenganisha chumba cha udi na chumba cha mkwe ulifika juu ukaishia chini kidogo ya bati, na pale juu palikuwa na mwanya wa kupitisha paka. Bi Pua alikuwa anaujua mwanya huo kuliko fundi aliyeuacha. Mtu yeyote mwenye pua, akitoka tu kwenda uani, angesikia udi umejaa nyumba nzima na kurudi mbio kuuzima. Bi Pua alitoka uani mara mbili kuchukua makaa, akarudi mara mbili, na kwake nyumba ilikuwa safi kama maji.

"Mama." Sauti ya mkwe ilitokea upande wa pili. Haikuwa kubwa. "Mama, njoo. Njoo umwone."

Alisukuma mlango wa chumba kile akauona moshi kabla ya kumwona mtoto. Mwanga wa jua uliopita dirishani uliuchora vizuri, tabaka la kijivu lililotanda chini ya bati na kushuka taratibu mpaka juu ya neti ya kitanda. Ndani ya neti kile kifua kidogo kilikuwa kinavutwa ndani, mbavu moja moja zikihesabika, midomo imebadilika rangi. Na yeye, akiwa amesimama katikati ya moshi wake mwenyewe, hakusikia harufu yoyote.

Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitali. Mkwe alimshika mtoto, Bi Pua alishika mfuko wa nguo, na njia nzima hakuna aliyemtazama mwenzake.

Mtoto alipokelewa, akawekewa oksijeni, mlango ukafungwa. Wao wawili wakabaki kwenye benchi la ukumbini. Baba alifika kutoka karakana amevaa nguo za kazi, zenye matundu ya cheche kifuani. Aliwaona, akapiga hatua, kisha akasimama ghafla kule mwisho wa ukumbi kana kwamba kuna mstari umechorwa sakafuni. Akavua shati. Akatoka nje, na kupitia mlangoni Bi Pua alimwona akiomba ndoo ya maji kwa msafishaji, akipiga magoti kwenye ngazi mbele za watu wanaoingia na kutoka, akijimwagia maji kichwani na mabegani, akijisugua kwa lile shati.

Alirudi na fulana iliyolowa. Hakuja karibu.

"Ni mimi?" aliuliza kutoka kule. "Asubuhi nilimshika kidole. Kidole tu. Nilidhani nimeoga vizuri."

Mlango ukafunguliwa na daktari akatoka, yule yule wa mara ya kwanza. Alisema mtoto ameanza kutulia, wasiwe na hofu kubwa, ila lazima ajue amevuta nini. Akamgeukia baba, akaiona fulana iliyolowa, akafungua kinywa kumuuliza.

"Si yeye," Bi Pua alisema.

Alisimama. Aliegemea ukuta.

"Mwanangu hana kosa, muacheni. Ni udi. Mimi napika udi, na leo nimeuchoma mchana kutwa, moshi ukapanda ukutani ukaingia kwa mtoto. Na siku ile nilikudanganya, daktari. Si kidogo, si wageni wakija. Mimba yote ya huyu binti nilikuwa namfungia dirisha na kumchomea chumbani kwake. Aliniambia nesi amemkataza, nikamwambia udi si moshi."

Ukumbi ulikuwa na watu. Mama mmoja aliyekuwa ananyonyesha aliacha kumpapasa mwanawe. Daktari hakuondoa macho kwake, na Bi Pua alielewa kwamba bado anangojewa.

"Kwa nini?" mwanawe aliuliza. Bado alikuwa kule mwisho. "Kwa nini chumbani kwake, mama?"

Hapo ndipo ulimi ulipokuwa mzito. Lile la moshi lilikuwa limetoka, limekwisha. Kumbe zito halikuwa lile. Kuna jambo jingine alilolificha kwa nguvu zaidi kuliko alivyolinda pumzi ya mjukuu wake, na alipoligundua hilo, pale pale mbele ya watu, aliona aibu ambayo hajawahi kuiona tangu azaliwe.

"Sina pua," alisema. "Tangu yale mafua sisikii harufu yoyote. Nilikuwa natumia yake. Na juzi uliponiambia nikunuse, sikusikia kitu, nikakwambia bado kidogo."

Mwanawe alimtazama. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Alitazama mikono yake mwenyewe, akaigeuza, mbele na nyuma, kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoambiwa kimeibwa. Kisha akamuuliza daktari kama anaweza kuingia, daktari akasema aingie, avae tu koti la wodi. Akapita mbele ya mama yake bila kumgusa.

Daktari alikaa benchini kwa muda. "Siwezi kukuambia kwamba amezaliwa mdogo kwa sababu ya udi," alisema. "Watoto huzaliwa wadogo kwa sababu nyingi, na sababu yake huenda hatutaijua. Lakini wapo waliochunguza akina mama wanaofukiza ndani ya nyumba wakiwa wajawazito, na kuna dalili kwamba watoto wao wanaathirika. Ningemwambia aache. Ningemwambia siku ile mlipokuja." Akainuka. "Ya leo sina shaka nayo. Kifua cha kichanga hakijui kama kinachoingia ni waridi au ni tairi."

Alipoondoka, wakabaki wawili, kwa adabu, bila hadithi. Bi Pua ndiye aliyeanza.

"Kwa nini hukunikatalia?"

Mkwe alikuwa anakunja nepi safi kwenye paja, anaikunjua, anaikunja.

"Uliniita mwanangu," alisema. "Ile siku ya kwanza, uliponiletea kile kipande. Ulikuwa hujawahi kuniita hivyo. Ulikuwa hujawahi hata kukaa kwenye kitanda changu." Aliilaza nepi pajani. "Nikajua ukimaliza kupima utaondoka. Basi nilikuwa nasema ngoja, mama, moshi bado haujatulia, ngoja kidogo tena. Wakati mwingine ulikuwa umeshatulia zamani. Kwa hiyo usijibebeshe peke yako. Dirisha nilifunga mwenyewe."

Bi Pua angeweza kuvumilia kutukanwa. Alikuwa amejiandaa kwa matusi tangu ndani ya gari. Kwa hili hakuwa na maandalizi. Alijifunika uso kwa ncha ya mtandio akalia kimya kimya, na mtandio ule ulikuwa umejaa udi, ila yeye hakujua. Mkwe alijua. Alisogea mbali kidogo kwenye benchi, akaegemea upande wa pili ili apate hewa.

Mtoto alirudi nyumbani. Kabla hajarudi, chumba cha udi kilitolewa kila kitu. Sufuria, masinia na magunia vilipakiwa kwenye mkokoteni vikaenda kwa mwenye saluni, na Bi Pua alikwenda navyo, akamwambia yule mama kwa kinywa chake kwamba pua imekufa siku nyingi, kwamba udi mzuri aliousifia ni wa mkwe wake, na kwamba hatapika tena. Mwenye saluni alicheka akidhani ni utani. Bi Pua alisimama pale mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Tangu hapo mtaani wakaanza kumwita Bibi wa Mtoto, na wengine, nyuma ya mgongo wake, majina ambayo hakutaka kuyajua.

Mapazia yalifuliwa. Godoro lilianikwa juani. Mwanya wa juu ya ukuta uliachwa wazi na dirisha likawa halifungwi tena. Mwanawe alirudi chumbani kwake, nywele zikaanza kuota, akawa anamshika mtoto akishaoga tu, bila kusugua ngozi mpaka ikachubuka. Mama yake alimsalimia akaitikia. Zaidi ya hapo hapakuwa na kitu, na Bi Pua hakudai.

Lakini udi wa miaka mingi hautoki mwilini kwa siku moja. Ulikuwa kwenye nywele zake, kwenye mikunjo ya vidole, kwenye kila nguo ya kabati lake. Mtoto akisogezwa karibu naye alikuwa anapiga chafya, anakohoa. Hivyo Bi Pua aligawa nguo zake, akanunua magauni mawili mapya, akakata nywele, akaoga. Na kwa kuwa mwenyewe hawezi kujua kama amesafika, ilibidi aulize.

Jioni hiyo alikwenda mlangoni pa mkwe wake na nywele zikiwa bado zinadondosha maji. Kizingiti hakukivuka. Ndani mtoto alikuwa ameamka, anapiga miguu, na pumzi yake ilisikika laini, bila mkwaruzo.

"Nimeoga," Bi Pua alisema. "Ninuse, uniambie. Usinionee haya."

Mkwe alikuja. Akamwinamia, akaweka uso wake karibu na shingo ya mama mkwe, karibu kuliko walivyowahi kuwa, akafumba macho kama zamani mbele ya cherehani. Alivuta pumzi taratibu. Bi Pua alitulia tuli, mikono yake imeshanyooka kidogo kuelekea kitandani bila yeye kuituma.

"Bado unanukia, mama," binti akasema.

Bi Pua akashusha mikono. "Asante kwa kuniambia," alisema, akageuka kurudi bombani.

Mwanawe alikuwa pale, ametoka kazini, anajisugua viwiko. Alimwona anavyokuja na gauni lililolowa, akaelewa ametokea wapi na ameambiwa nini. Akasogea kidogo pembeni, akampa sabuni.